Faili la zamani, kosa jipya: tunavyosasisha kompyuta za Walungu bila kuangalia tulichoacha nyuma

Kwa mujibu wa karatasi yake, mtoto huyo alizaliwa siku tano kabla ya mama yake kufika kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyeigundua aliiweka kando ya daftari kubwa la wazazi, lile la kuandikwa kwa kalamu, akasoma mstari mmoja mara tatu. Daftari lilisema mama aliingia usiku wa Jumanne. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ilisema mtoto alizaliwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Kituo hicho kiko hapa wilayani Walungu. Sitakitaja, kwa sababu kosa lililotokea pale lingeweza kutokea katika ofisi nyingine yoyote ninayoijua kati ya Nyangezi na Kaniola. Siku hiyo muuguzi alipekua karatasi zote za siku kumi zilizopita. Tisa zilikuwa na tarehe mbaya. Hakuna aliyekuwa amegusa kalenda ya mashine. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba fundi alikuja, akasasisha programu, akaambiwa asante, akapanda pikipiki akarudi Bukavu.

Nimeandika habari za barabara, za masoko na za vita kwa miaka kadhaa. Sikutarajia siku moja niandike kuhusu mafaili ya mipangilio. Lakini baada ya kukaa na fundi huyo na kumwomba anieleze kosa lake polepole, naona jambo hili ni letu kabisa, na tumeliacha mikononi mwa vijana ambao hatuwalipi kulifanya vizuri.

Mashine yenyewe ni kijisanduku kidogo cha Raspberry Pi. Wafadhili wanakipenda kwa sababu ni cha bei nafuu na kinakula umeme kidogo, kwa hiyo paneli moja ya jua na betri vinatosha. Hakina kioo chake. Wauguzi wanakifungua kwa tableti. Aina nyingi za vijisanduku hivi hazina betri ya saa. Kompyuta ya kawaida ikizimwa inaendelea kuhesabu saa kwa betri ndogo iliyo ndani. Kijisanduku hiki kikizimwa saa kumi na mbili jioni, asubuhi huamka kikidhani bado ni saa kumi na mbili jioni ya jana, mpaka mtu au mashine nyingine ikiambie ukweli.

Fundi wa kwanza, aliyekifunga miaka iliyopita, alilijua hilo. Alijua pia kwamba kituo hununua mega mara moja tu, mwisho wa mwezi, siku ya kutuma ripoti. Kwa hiyo aliandika mstari mmoja katika faili la mipangilio: chukua saa kutoka kompyuta kubwa ya mapokezi, ile yenye betri nzima, usitafute intaneti. Mstari huo mmoja ndio uliolinda tarehe za kuzaliwa za watoto wote wa kituo. Hakuandika popote pengine kwamba upo.

Sasa tufike kwenye kusasisha. Mashine hizi hutumia Linux, na kwa kawaida ni Debian au ndugu zake kama Ubuntu na mfumo wa Raspberry Pi wenyewe. Programu zake hufika zikiwa zimefungwa katika vifurushi, na hapa sisemi vifurushi vya mega. Kila kifurushi huja na mafaili yake ya mipangilio, ambayo mengi hukaa katika folda moja iitwayo /etc. Toleo jipya la programu likija na faili jipya la mipangilio, na wewe ulishalibadilisha lile la zamani kwa mkono wako, mashine inasimama na kuuliza: faili hili limebadilishwa tangu liwekwe, na mtengenezaji ameleta jipya; unataka kufanya nini? Y au I ni kuweka jipya. N au O ni kubaki na lako. D ni kuonyeshwa tofauti kati ya hayo mawili. Z ni kusimamisha kwanza ukaangalie mwenyewe. Ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza, unabaki na lako.

Hapa kuna mtego ambao wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam hawauoni. Kompyuta zetu ziko kwa Kifaransa, na swali hilo hutoka kwa Kifaransa, lakini herufi za kujibu zimebaki zile zile. Mtu wa Kongo aliyezoea kwamba O ni oui hubonyeza O akidhani amekubali jipya, kumbe ameamuru la zamani libaki. Nimewauliza mafundi watatu wa Bukavu, wote walicheka, na wawili walikiri kwamba yaliwakuta.

Fundi wetu yeye hakudanganywa na herufi. Betri ilikuwa inaisha, na ukikatikiwa umeme katikati ya kusasisha unabaki na mfumo nusu wa zamani nusu mpya, ambao huenda ukakulaza pale. Aliulizwa maswali manne au matano, akajibu Y kwa yote, kwa sababu mafunzoni aliambiwa jipya ndilo salama. Mstari wa saa ukaondoka na faili lake. Kijisanduku kikaanza kutafuta saa kwenye intaneti ambayo haikuwepo. Kikiwaka saa kumi mchana na kuzimwa saa kumi na nne zilizobaki, kila usiku kilipoteza saa kumi na nne. Katika siku kumi, zilipotea karibu siku sita.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba faili lile la zamani halikufutwa. Lilikuwa pale pale kwenye folda, likiwa na mstari wake mzuri, ila jina lake limeongezwa mkia: .dpkg-old. Siku zote kumi dawa ilikuwa kando ya ugonjwa. Hakuna aliyefungua folda.

Huu si uzembe wa waliotengeneza Debian. Ni kinyume chake. Sheria za mradi huo, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, zinasema wazi kwamba mabadiliko ya mwenye mashine lazima yahifadhiwe wakati wa kusasisha, na kwamba hata ukiiondoa programu, mipangilio yake inabaki mpaka uagize kwamba ifutwe kabisa. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Mgeni hatupi vitu vya nyumbani kwako kwa sababu yeye haoni kazi yake. Lakini heshima hiyo ina gharama. Baada ya kusasisha mara tatu au nne, folda inajaa mafaili yenye mikia ya .dpkg-old na .dpkg-dist. Upande wa Red Hat na jamaa zake mikia ni .rpmsave na .rpmnew. Kuna mafaili ya programu zilizokwisha kuondolewa. Kuna pia mafaili ambayo programu ipo bado, lakini toleo lake jipya halilitambui tena faili hilo. Debian huyatia alama katika kumbukumbu zake kwamba yamepitwa na wakati, kisha huyaacha yalipo. Anayetaka kuyaona anaweza kuiuliza dpkg imtajie. Wachache wanauliza.

Hatari yake ni ya namna mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni faili unalodhani linasomwa, kumbe halisomwi. Mfano uko mlangoni kwetu sasa hivi. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, na huduma ya kawaida ya usalama kwa Debian 12 imepangiwa kufika Juni 2026, kwa hiyo kazi ya kupandisha matoleo ni ya msimu huu. Katika Debian 13, mfumo hausomi tena faili liitwalo /etc/sysctl.conf. Mipangilio hiyo inatakiwa ikae katika folda ya /etc/sysctl.d. Kwa msomaji wa kawaida hayo ni majina tu. Kwa mwenye cyber, au shule inayogawia madarasa laini moja ya intaneti kupitia kompyuta moja ya Linux, ni jambo la kufunga biashara. Karibu kila maelezo ya kugawa intaneti yaliyoandikwa kwa miaka mingi yanakuambia ufungue faili hilo hilo na uwashe mstari unaoruhusu mashine kupitisha mawasiliano ya wengine. Siku ya kupandisha toleo, mashine yenyewe itakuwa na intaneti na wateja wote hawana. Fundi atafungua faili lake la zamani, ataona mstari upo na umewashwa, ataapa kwamba mipangilio iko sawa. Atabadilisha nyaya. Atalaumu kampuni ya simu. Na jambo hili limeandikwa katika maelezo ya toleo, bure, kwa yeyote anayeyasoma kabla ya kuanza.

Waliokuwa kazini mwaka 2015 watakumbuka la Apache, ile programu ya kuhudumia kurasa za wavuti. Debian 8 ilipoleta Apache 2.4, faili la tovuti ambalo jina lake halikuishia na .conf lilikuwa halipakiwi tena. Tovuti zilipotea na mafaili yake yapo.

Hatari ya pili ni kinyume: faili unalodhani limekufa, kumbe linasomwa. Kuna folda ambazo mfumo husoma karibu kila kilichomo, kwa mfano ile ya kazi za ratiba, /etc/cron.d. Programu ikiondoka na faili lake la ratiba likabaki, kuna amri itakayoendelea kujaribiwa kila usiku kwa niaba ya programu ambayo haipo. Mara nyingi inashindwa kimya kimya na hakuna madhara. Lakini kama ni amri ya kufuta nakala za zamani ili kupata nafasi, na ile ya kutengeneza nakala mpya imehamia kwingine au imekufa, utajua siku utakayohitaji nakala.

Kampuni kubwa zimelipa bei ya mabaki ya aina hii. Kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake nane, lakini seva moja ikasahaulika. Ndani ya seva hiyo kulikuwa na kipande cha programu cha zamani kilichoachwa bila kutumiwa, na alama iliyokuwa inakiwasha ilikuwa imepewa kazi nyingine katika programu mpya. Soko lilipofunguliwa tarehe hiyo, kipande kilichodhaniwa kimekufa kikaamka. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Haikuwa faili la mipangilio hasa, lakini mzizi wa kosa ni huo huo: kitu cha zamani hakikuondolewa, na mtu hakuangalia mashine zote.

Nasikia jibu la mafundi wengi: kama kinafanya kazi, usikiguse. Nawaelewa. Fundi hulipwa kwa safari, halipwi kwa kubaki. Anatoka Bukavu na motari, barabara ya kilomita arobaini na kitu ambayo mvua ikinyesha inajihesabu mara mbili, na tangu M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 safari ya kuja huku na kurudi imekuwa jambo la kupima kabla ya kuondoka. Anataka kumaliza kabla ya jua kuzama. Ukimwambia akae saa tatu zaidi afungue mafaili mamoja mamoja na kuyalinganisha, anakuuliza nani analipa saa hizo. Na hakuna. Katika makaratasi ya miradi niliyowahi kuonyeshwa kuna mstari wa mashine, kuna mstari wa paneli, kuna mstari wa mafunzo na vinywaji vya mafunzo. Mstari wa siku ya pili baada ya kusasisha sijauona.

Kuna wengine wanaokimbilia upande wa pili: kufuta yote yenye mkia wa zamani, folda ikawa safi. Hao nawaogopa zaidi kuliko wavivu. Kama fundi wetu angefanya hivyo, mstari wa saa ungepotea kabisa, na mtu aliyeuandika hayuko Kivu tena. Faili la zamani kwetu mara nyingi ndiyo maandishi pekee yanayosema mashine ilikusudiwa kufanya nini. Lisomwe kwanza. Kilicho hai ndani yake kihamishiwe mahali papya kwa mkono. Kisha faili lenyewe litolewe kwenye folda inayosomwa, liwekwe kwenye folda ya kumbukumbu yenye tarehe. Baada ya matoleo mawili likionekana halina kazi, basi lifutwe.

Kitu kimoja hakifai kusubiri: maneno ya siri. Mafaili haya hubeba nywila za hifadhidata bila kuficha. Mfumo wa DHIS2, unaotumiwa na wizara yetu ya afya kukusanya takwimu kutoka kanda za afya, huweka nywila ya hifadhidata katika faili la dhis.conf, zamani lilikuwa hibernate.properties. Seva hiyo haipo Walungu, na wanaojaza takwimu huku hawalioni faili hilo. Lakini mfano unafaa kwa mifumo midogo tuliyo nayo mikononi: anayebadilisha nywila kwenye faili jipya na kuliacha la zamani mezani, kwa mfano kwenye folda ya wavuti ambamo mtu wa nje anaweza kulifungua, amebadilisha kufuli na kuacha ufunguo wa mlango mwingine dirishani, hasa kama nywila ile ile inatumika mahali pengine. Na sote tunajua kwamba inatumika.

Wengine watasema suluhisho ni kuiacha mashine ijisasishe yenyewe usiku. Nayo ina kasoro yake. Programu ya Debian ya kujisasisha bila mtu, ikikuta kifurushi ambacho kingeuliza swali la faili la mipangilio, kwa kawaida hukiruka. Kwa hiyo vile vifurushi ulivyovigusa kwa mkono, ambavyo ndivyo muhimu kwako, vinaweza kubaki bila marekebisho ya usalama kwa miezi huku kila mtu akiamini mashine iko salama.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili mpya. Kuna programu ya bure iitwayo etckeeper, iliyoandikwa na Joey Hess. Huhifadhi historia yote ya folda ya /etc, na huandika hali yake kabla na baada ya kila kusasisha. Haihitaji intaneti ikishafungwa. Fundi wa mwaka kesho ataona mstari gani ulibadilika, siku gani. Kwa mashine yenye tarehe za kuzaliwa za watu, kuikosa sioni kisingizio chake.

La pili ni la wanaolipa, yaani wakuu wa vituo, wakurugenzi wa shule, mashirika. Msimlipe fundi yote siku ya kwanza. Mlipe sehemu siku ya kusasisha, na sehemu siku atakayorudi, au atakapopiga simu na mtu wa kituo akafungua mashine pamoja naye, mkaangalia saa, nakala za akiba, printa na ripoti. Mwulizeni swali moja kabla hajaondoka: ni mafaili gani yaliulizwa, ukajibu nini? Kama hawezi kujibu, kazi haijaisha. Wapo mafundi watakaokasirika. Wazuri hawatakasirika, maana wao ndio huitwa kurekebisha ya wengine bila maelezo.

Na kuna daftari. Najua linachekesha kupendekeza daftari la shule katika makala ya kompyuta. Lakini katika kisa hiki mashine ilikosea na daftari la muuguzi ndilo lililosema kweli. Kijisanduku kina haki ya kuwa na ukurasa wake: tarehe, jina la fundi, kilichobadilishwa, na kwa nini. Mistari mitatu inatosha.

Nilikuwepo fundi aliporudi. Muuguzi, mwanamke wa umri wa mama yake, hakumgombeza. Alimwekea karatasi tisa mezani akamwambia, "Mwanangu, angalia hapa. Huyu alizaliwa mama yake bado yuko shambani." Kijana alikaa kimya. Kisha akafungua folda, akaliona faili lenye mkia, akasema, "Mama, lilikuwa hapa." Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai aliyopewa.

Karatasi zilichukua muda zaidi. Sheria ya Kongo inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto kwa ofisa wa hali ya kiraia, na siku hizo zikipita, wanaelekezwa mahakamani kutafuta hukumu. Karatasi yenye tarehe iliyorudi nyuma siku tano inawaibia wazazi siku tano, na kwa mzazi wa milimani ambaye huteremka mara moja kwa miezi kadhaa, siku tano ni kitu. Chanjo nazo huhesabiwa tangu kuzaliwa: wiki 6, wiki 10, wiki 14. Muuguzi alianza kuwatafuta akina mama mmoja mmoja, kwa simu, kwa wahamasishaji wa vijiji, na siku ya soko la Mugogo kwa kuuliza tu wanaopita. Wanane wameletewa karatasi nyingine. Wa tisa aliondoka na mtoto wake kuelekea upande wa Kaniola, simu aliyoacha ni ya shemeji yake, na shemeji hapatikani. Karatasi yake sahihi imebanwa kwenye jalada la daftari, inamsubiri.